Dakika Mbili za Babu Yake Yumna

Nilikuwapo. Atakayekuhadithia kisa hiki bila ya kukwambia kwamba mie nilikuwa nimeegemea nguzo ya kulia, kikombe cha kahawa mkononi, basi huyo kakisikia sokoni, tena kakisikia nusu. Baraza yetu iko Ole, Pemba, kando ya barabara, ubao mmoja mrefu mbele ya duka ambalo mwenyewe kalifunga akahamia Unguja. Wenye baraza ni watano. Yupo Mzee Nassor, mtu mpole, karafuu zake ndizo zilizokuwa zimeanikwa mbele yetu siku hiyo. Yupo Mmanga, tunamwita Wakili kwa sababu aliwahi kushtakiwa na akashinda kesi; mshtaki hakufika mahakamani, lakini kushinda ni kushinda. Yupo Talib, yeye ni Komando, hajawahi kukosa siku hata moja kwenye banda la filamu. Yupo Jecha mwenye dele la kahawa, ambaye hasemi mpaka aone pana la kusemwa. Na mie wananiita Redio, kwa husuda tu. Skuli nilifika darasa la sita. La saba nililisikiliza kwa dirishani, na nikalifahamu kuliko waliokuwa ndani.

Tulikuwa tumetoka msikitini, adhuhuri imeshaswaliwa, Jecha ndiyo kwanza anamimina kikombe cha mwanzo. Mzee Nassor akaja kashika simu kwa mikono miwili, kama mtu aliyebebeshwa yai la mwenzake.

Nassor: Assalaam aleikum.

Sote: Waaleikumu salaam.

Nassor: Jamani, Yumna kanitumia sauti. Nimeisikiliza mara tano, na kila nikiisikiliza moyo unanishuka. Hebu sikilizeni na nyie.

Yumna ni mjukuu wake, mtoto wa miaka kumi na tatu. Baba yake kamchukua Uingereza mwaka wa nne huu, na katika darasa lake mtoto wa Kiislamu ni yeye peke yake. Mzee akabonyeza, sauti ikatoka, Kiswahili chake bado cha Ole kabisa:

"Shikamoo babu. Ijumaa skuli tuliwekewa filamu. Ilipokwisha, mvulana mmoja akaniuliza, yule mwenye ndevu aliyepigwa risasi ndiye babu yako? Darasa zima likacheka. Jumatatu sikwenda skuli, na jana sikwenda. Misi akanipigia simu nyumbani. Kasema leo somo litakuwa hilohilo, vipi watu kama sisi wanavyotiwa kwenye filamu na kwenye habari. Kasema nikipenda nilete video ya mtu wa kwetu, dakika mbili, aeleze akiziona filamu hizo yeye huona nini. Babu, nisipokuwa na kitu cha kuwaonyesha, mie siingii darasani. Somo ni saa saba mchana ya huku. Nakuomba, babu."

Karafuu zinanukia, jua linawaka.

Nassor: Saa saba yao ndiyo saa kumi yetu. Mtoto atakaa nje ya mlango ananisubiri mie.

Wakili: Sasa ni saa saba na nusu. Muda upo tele. Wahenga wamesema, ngoja ngoja huumiza matumbo, kwa hivyo tusifanye haraka.

Jecha akamtazama, akaendelea kumimina.

Komando: Mie la kwanza simwamini huyo Misi. Mwalimu gani anapiga simu nyumbani kwa sababu mtoto hakuja skuli? Mie sikwenda skuli mwaka mzima, hakunipigia mtu.

Jecha: Simu zilikuwa hazijafika.

Komando: Hata barua basi!

Nassor: Msimseme vibaya. Misi huyo ndiye aliyempa Yumna pahala pa kuswalia. Chumba cha vitabu, kamwachia na ufunguo. Na Ramadhani, wenzake wakienda kula, yeye hukaa na Yumna humo chumbani wakachora ramani, mtoto asione njaa ya macho.

Wakili: Subiri, Mzee. Ramani ya wapi?

Nassor: Ya Pemba.

Wakili alikiweka kikombe chini polepole, kama walivyofanya mahakimu aliowaona siku ile ya kesi yake.

Wakili: Ya Pemba. Mzungu, mwezi wa Ramadhani, chumba kimefungwa kwa ufunguo, anachora ramani ya Pemba. Nyie hamuoni kitu?

Nassor: Naona mwalimu na mwanafunzi wanachora.

Wakili: Karafuu, Mzee! Ukitaka shamba la mtu kwa bei rahisi unafanyaje? Unamtisha jirani kwamba mwenye shamba ni mtu mbaya. Ndizo hizo filamu. Wanatutia ndevu, wanatutia bunduki, dunia nzima inatuogopa, halafu wanakuja wao peke yao kununua karafuu. Mchelea mwana kulia hulia yeye.

Mie: Hiyo methali imeingiaje hapo?

Wakili: Imeingia kwa mlango wa mbele. Weye hukusoma.

Komando: Si karafuu, yakhe. Mie nazijua filamu kwa ndani. Ni nguo. Suti moja ya steringi, yule shujaa wa filamu, bei yake kanzu kumi. Sasa kwenye filamu maadui wanakufa mia, mia na hamsini. Utawavalisha suti? Utafilisika. Kanzu rahisi, halafu nyeupe, damu inaonekana vizuri.

Nikaona mazungumzo yanapotea njia, nikawasaidia.

Mie: Nyote mmekosa. Wale waigizaji mimi nimewatazama macho yao. Wale ni watu wa Unguja.

Komando: Wote?

Mie: Wote. Wamechukuliwa Forodhani kwa kikundi. Wakaambiwa, jifanyeni wakali, mtalipwa. Ndiyo maana wanapotusema vibaya watu wa Pemba wanasema kwa raha vile, wameshazoea kazini.

Jecha: Si wa Unguja. Mtu wa Unguja angezungumza sana kabla ya kufa.

Tukacheka, hata Mzee Nassor akatoa tabasamu dogo, lakini jicho lake liko kwenye saa ya simu.

Wakili: Na mimi nina ushahidi kwamba hata Waislamu si Waislamu wale. Ile filamu ya jana, yule adui mkubwa si aliswali? Kaswali kaelekea wapi? Jua linapozama! Niliona kwa macho yangu, jua jekundu mbele ya uso wake. Na kibla kiko wapi? Kaskazini. Kila mtoto wa hapa Ole anajua kibla ni kaskazini.

Nassor: Kwetu hapa ni kaskazini, Wakili. Kwengine inategemea mtu yuko upande gani wa Makka.

Wakili: Kibla ni kibla, Mzee. Hakihami.

Komando: Tena kaswali na mabuti.

Mie: Na alipomaliza hakutoa salamu. Kaokota bunduki akaondoka.

Jecha: Alikuwa na dharura. Steringi ameshafika mlangoni.

Nawaambia ukweli, hapo ilikuwa saa nane kasorobo na sisi tulikuwa bado tunamsahihishia swala yake mtu wa filamu aliyeandikiwa na wengine. Mzee Nassor akasimama.

Nassor: Jamani, mtoto yuko nyuma ya mlango. Nifanye nini?

Komando alikuwa akiingoja siku hiyo tangu azaliwe. Akajivisha uongozi wa filamu hapohapo, hakuna aliyempigia kura.

Komando: Tunatoa video. Dunia ituone sisi ni watu wa amani, tena watu wa heshima. Mzee, wewe kaa kati, uvae kanzu safi. Wakili, weye unajua maneno ya kiserikali, andika hotuba. Nyuma yake tusimame watu watatu, tuonyeshe umoja. Huo mlango wa duka haufai, rangi imebabuka, watasema sisi mafukara. Tuufunike.

Tukaufunika kwa turubai la kuanikia karafuu, lile jeusi la akiba. Mzee Nassor akapelekewa kigoda, akakaa mbele yake na kanzu yake ya Ijumaa. Wakili akaandika kwenye karatasi ya kashata, akiilamba kalamu kila mstari. Akatukataza kucheka: hotuba ikichekewa, anasema, inapungua uzito. Mie nikasimama nyuma, upande wa kulia, mikono nimeifunga kifuani, kwa sababu ndivyo ninavyopendeza. Wakili akasimama kushoto. Komando alikuwa akiumwa na jino, shavu limemvimba kama embe boribo, akaona haya kuonekana Uingereza na uso wa upande mmoja. Akazungushia kilemba uso mzima, akaacha macho. Jecha tukampa simu ashike.

Komando: Haya. Mzee, ukisoma usitazame karatasi tu, tazama simu kwa ukali wa heshima. Moja, mbili!

Nassor: "Bismillahi Rahmani Rahim. Sisi, wanaume wa Ole, tuna ujumbe kwa ulimwengu..."

Mkono wake ulikuwa ukitetemeka na karatasi inapiga kelele. Akasoma mpaka mwisho. Jecha akazima, akaitazama ile video yote. Akairudia.

Komando: Vipi? Imetoka?

Jecha: Imetoka. Ila hii nimeshaiona.

Komando: Umeiona wapi na ndiyo kwanza tumeitoa?

Jecha: Jana bandani. Kabla steringi hajauvunja mlango.

Tukamrukia tukaitazama. Wallahi, hata mie niliyekuwamo humo nilishtuka. Pazia jeusi. Mzee mwenye kanzu nyeupe kakalishwa kwenye kigoda, anasomeshwa karatasi, mikono inamtetemeka. Nyuma yake wanaume wawili wamenuna na wa tatu kaficha uso. Kilichokosekana ni tarehe tu.

Nassor: Nikiipeleka hii, mjukuu wangu hatoki chumbani mpaka aolewe.

Wakili: Kosa ni la Komando, na jino lake.

Komando: Kosa la hotuba! Nani anasema "tuna ujumbe kwa ulimwengu"? Kwa nini hukuandika "hamjambo"?

Mie: Tatizo hatukucheka. Mie nilitaka kucheka nikakatazwa.

Komando: Haya, mara ya pili. Kila mtu acheke. Mzee, cheka. Onyesha meno yaliyopo.

Tukarudi mbele ya turubai. Mzee akasoma ileile hotuba na tabasamu la kubandika. Sie nyuma tukacheka kwa nguvu, Komando akicheka ndani ya kilemba, sauti tu inatoka. Jecha akaitazama, akatikisa kichwa.

Jecha: Sasa mnacheka baada ya kumteka.

Mzee Nassor akaivua kofia yake akajipepea. Ilikuwa saa tisa kasoro dakika kumi. Mie nilimwona, na katika hili siongezi chumvi: midomo yake ilikuwa inamcheza. Hakutuambia kitu kibaya. Kasema tu, "Miaka minne hajaniomba chochote. La kwanza ni hili."

Hapo ndipo alipofika Mwalimu Rahila. Ni mtu wa Vitongoji, hapahapa Pemba, kaletwa skuli ya kwetu mwaka huu kufundisha Kiingereza, na Mzee alikuwa amemtumia salamu tangu adhuhuri aje amtafsirie. Alikuwa anatoka darasani, madaftari yamemjaa mkono mmoja na mwavuli mkono mwengine. Mwanamke hakai barazani kwetu, naye anajua. Akasimama kwenye kivuli cha paa.

Rahila: Assalaam aleikum. Ami Nassor, samahani, nimechelewa. Nimeambiwa unataka mtu wa Kiingereza.

Nassor: Waaleikumu salaam, mwanangu. Nataka mtu wa kuniokoa.

Tukamsikilizisha sauti ya Yumna. Akasikiliza kainamisha kichwa. Kisha, kwa sababu Komando hana haya, tukamwonyesha na video zetu mbili. Mwalimu aliuma mdomo wa chini. Alipofika pale Komando anapocheka ndani ya kilemba, akageuka kutazama barabara muda mrefu, na barabarani hakukuwa na kitu.

Rahila: Ami, mie naona mtoto hakuuliza nyie ni watu gani. Kauliza, mkiziona filamu hizo mnaona nini.

Wakili: Tumeshamjibu. Karafuu.

Komando: Nguo.

Mie: Watu wa Unguja.

Rahila: Kwani mnazitazama?

Komando: Kuzitazama? Mwalimu, unazungumza na chuo kikuu! Kila siku baada ya laasiri. Jana ndiyo usiseme, banda lilijaa mpaka watu wanachungulia kwenye matundu ya makuti. Steringi kaingia peke yake, hana hata fulana, wao wako saba wana bunduki na ndevu mpaka hapa. Yeye ana risasi sita. Sita, Mwalimu! Kawaangusha saba! Banda zima likasimama. Hata Mzee Nassor huyu, mwenye goti bovu, alisimama. Sikwambii makofi!

Rahila: Mlikuwa mnampigia nani?

Aliuliza taratibu, kama anavyouliza watoto wa darasa la kwanza nani kaacha bomba wazi. Hakuwa na nia ya kumtega mtu. Alitaka kujua tu.

Komando: Si tulikuwa tunampigia...

Akafungua kilemba, shavu likatoka nje lote.

Wakili: Wahenga wamesema.

Tukangoja. Mimi namjua Mmanga mwaka wa thelathini, sijawahi kumwona kakosa methali ya kukosea. Alifumba macho, akainua kidole, akakishusha.

Komando: Lakini Mwalimu, steringi ndiye steringi. Utampigia nani mwengine?

Rahila: Sijui, Ami Talib. Ndiyo nikauliza.

Nami nikamtazama Jecha, nikitaraji atatutoa kwa neno lake moja. Jecha alikuwa kainamisha dele juu ya kikombe changu, na hakukutoka kitu. Akalitikisa sikioni. Kahawa imekwisha, saa tisa na robo, siku ya Jumatano, kila mtu na ulimi wake mkavu.

Mzee Nassor akasimama. Akalibandua turubai kwenye mlango wa duka, akalikunja vizuri, pembe kwa pembe, maana alikuwa bado ana karafuu za kuanika. Akaivua kanzu ya Ijumaa akabaki na fulana na kikoi chake cha shamba. Akakaa ubaoni, pale anapokaa siku zote. Nyuma yake ukaonekana mlango na rangi yake iliyobabuka.

Nassor: Jecha, shika simu. Mwalimu, nikisema, wewe weka Kiingereza chake. Nyie watatu kaeni kimya, kama mtaweza.

Tuliweza. Ilikuwa mara ya mwanzo.

Nassor: "Yumna, mjukuu wangu. Mie ni babu yako. Umeniuliza nikiziona filamu hizo naona nini. Jana niliiona moja. Alikuwamo mtu mwenye ndevu kama zangu na kofia kama yangu. Hawakumpa jina. Hatukuambiwa ana mtoto au hana, anafanya kazi gani, anapenda chakula gani. Alikuja mbio akasema Allahu akbar, neno ninalolisema mie kila siku nikiinama na nikiinuka. Akapigwa risasi."

Mwalimu Rahila akatia Kiingereza. Sauti yake ilikuwa chini.

Nassor: "Nami nikapiga makofi. Mjukuu wangu, nilisimama na goti langu hili nikapiga makofi. Banda zima lilipiga, na mle ndani hakukuwa na kichwa kisicho na kofia. Mmoja wetu akapiga kelele irudishwe nyuma, tumwone akianguka tena. Ikarudishwa. Nikapiga makofi mara ya pili."

Hapo sote tukamgeukia Komando. Komando akainamisha kichwa, akashika shavu lake kama ndilo lililosema.

Nassor: "Kwa nini nilipiga, sijui. Mimi ni mtu mzima, nimesoma Kurani, nimelea watoto sita, na sijui. Labda Misi wako anajua. Muulize, na akikwambia nitumie, nami nataka kujifunza. Na huyo kijana aliyekuuliza, usimweke moyoni sana. Kaitazama filamu kama nilivyoitazama mie. Ila mwambie kwamba aliyepigwa risasi si babu yako. Babu yako anaitwa Nassor, wa Ole, ana mikarafuu ishirini na mbili, na anamwogopa jogoo wa jirani. Jogoo huyo ni mkali, na hili waulize wote hapa. Basi. Ingia darasani, mwanangu. Mwambie Misi wako babu anamshukuru kwa ule ufunguo."

Jecha akazima. Dakika mbili na sekunde arubaini. Hakuna aliyesema ikatwe.

Ilituchukua robo saa nzima kuituma, mtandao ukija na kwenda. Komando akaichukua simu akapanda nayo juu ya rundo la matofali, kainua mkono juu, na shavu lake lile, anaitafutia hewa. Ikaenda saa tisa na dakika arubaini. Alama zikawa mbili. Zikageuka rangi ya buluu.

Muadhini akaadhini laasiri. Siku nyengine yoyote sisi huwa wa mwanzo kunyanyuka, kwa sababu baada ya swala ndipo banda la filamu linapofunguliwa. Siku ile hapakunyanyuka mtu. Mwalimu Rahila naye alikuwa hajaondoka, kayaweka madaftari yake mwisho wa ubao.

Simu ikalia. Mzee Nassor akabonyeza, kidole kikakosa, akabonyeza tena.

"Babu, nimeiona. Niko nje ya mlango, Misi yuko na mie. Babu, kuna kitu sikukwambia. Ijumaa hata mie nilipiga makofi. Nilianza mie, kabla ya wote. Ndipo yule mvulana akanigeukia, akaniuliza vile. Nilikuwa naona haya kukwambia. Naingia sasa."

Mzee akairudia. Mara ya pili akaisikiliza kaiweka sikioni peke yake. Kisha akaitia simu kwenye mfuko wa fulana, akaenda kutia udhu, na sisi tukamfuata kwa mstari, hata Wakili hakukitaja kibla. Tuliporudi kutoka msikitini tulipita mbele ya banda la filamu. Lilikuwa wazi, mtafsiri wa filamu anapiga kelele mle ndani, na risasi zinalia. Wakili akapunguza mwendo. Komando akapunguza mwendo. Mzee Nassor akapita moja kwa moja kwenda kugeuza karafuu zake, na baada ya muda kidogo sote tukawa tunageuza karafuu za Mzee Nassor, kazi ambayo hatujawahi kumsaidia tangu tumjue.

Yote haya ni kama yalivyokuwa, mie nilikuwapo na Mungu ni shahidi. Ila moja nimelitunga, nalo linanikera tangu niliandike. Ni pale Mzee aliposema mmoja wetu alitaka filamu irudishwe nyuma, nikakwambia tulimgeukia Komando naye akainamisha kichwa. Komando hakuinamisha kichwa. Komando alikuwa ananitazama mie. Jecha alikuwa ananitazama mie, na Wakili, na Mwalimu Rahila alipowaona wote wanatazama pahala pamoja, naye akatazama. Aliyetaka irudishwe ni mie. Nilipanda juu ya kiti ili mwenye banda anisikie.